Kwa Sababu Ipi? Tujifunze Viunganishi kwa Kusoma Habari za Mwezi

Wanachuo wenzangu, swali dogo la kuanzia: kwa nini Mwezi haupatwi kila mwezi? Usifungue simu kwanza. Mwulize aliyekaa karibu nawe hapo kwenye kimbweta. Muhula huu nimewauliza wenzangu wengi, wa sayansi na wa sanaa, na karibu wote wanaanza kwa ujasiri mkubwa: "Kwa sababu..." Baada ya hapo sentensi inapotea njia. Mmoja anasema kwa sababu Mwezi uko mbali sana. Mwingine anasema kwa sababu Jua lina nguvu. Wa tatu anasema kwa sababu kupatwa ni jambo la nadra, yaani halitokei mara kwa mara. Huyo wa tatu ameturudishia swali letu lilelile, amelivisha kanzu tu.

Hoja yangu katika makala hii ni moja. Viunganishi vya kueleza, yaani vile vya kwa sababu, kwani, kwa kuwa, kwa vile, maana, ndiyo maana, kwa hiyo, ili, na hata yaani yenyewe, tumevikariri tangu shule ya msingi lakini wengi wetu hatujajifunza kuvitumia. Kukitumia kiunganishi cha sababu ni kuwa tayari kukitetea mtu akikuuliza. Na katika njia zote nilizowahi kuziona za kujifunza hilo, hakuna iliyonikosha kama kusoma maandishi mafupi ya Kiswahili kuhusu Mwezi, huu huu unaopita juu ya hosteli zetu kila usiku.

Juma hakuja shule

Tukumbuke tulivyofundishwa. Ubaoni paliandikwa orodha ya viunganishi. Tukainakili. Kisha likaja zoezi la kujaza nafasi: "Juma hakuja shule ______ alikuwa mgonjwa." Ukijaza kwa sababu, umepata. Ukijaza kwani, umepata. Kwa kuwa, umepata. Maana, umepata pia kama mwalimu ana roho nzuri.

Sentensi hiyo haina kosa lolote la sarufi. Tatizo ni kwamba Juma hatumjui. Hakuna mwanafunzi duniani anayeweza kwenda kuangalia kama kweli aliumwa, au alikwenda kuvua, au alikaa nyumbani kwa kukosa ada. Kwa hiyo tulichojifunza ni kwamba kwa sababu ni neno linalokaa katikati ya sentensi mbili, kama misumari inavyokaa katikati ya mbao mbili. Hatukufundishwa kujiuliza kama mbao zenyewe zinashikana.

Matokeo yake tunayaona hapa chuoni. Fungua asainimenti yoyote, hata yako. "Vijana wengi hawana ajira kwa sababu ya utandawazi, hivyo basi serikali inapaswa kuboresha miundombinu." Viunganishi vipo, tena vimependeza. Lakini sababu hapo iko wapi? Na hivyo basi imetoka wapi? Mtu anaandika hivi akijua kabisa kwamba hakuna atakayemwuliza.

Kwa nini Mwezi

Nimechagua Mwezi kwa sababu nne. Kwanza, kila mtu anauona bure, awe Kinondoni au Kasulu. Pili, unabadilika kila siku, kwa hiyo unadai maelezo. Tatu, maelezo yake ya uongo ni mengi na yanavutia, na ya kweli si marefu. Nne, na hili ndilo kubwa, sababu inayotolewa inaweza kupimwa kwa kutoka nje na kutazama. Juma hatuwezi kumkagua. Mwezi tunaweza.

Tuanze na kwa sababu. Sentensi hii nimeisikia mara nyingi: "Mwezi huonekana nusu kwa sababu kivuli cha Dunia kinaufunika." Inasikika vizuri, hata inafanana na sayansi. Sasa itazame siku ambayo Mwezi umefika nusu baada ya kuandama. Jua linapozama upande wa magharibi, Mwezi huo wa nusu uko juu, karibu na utosi. Kivuli cha Dunia siku zote huangukia upande ulio mkabala na Jua, kwa hiyo saa hiyo kinaelekea mashariki. Hakiwezi kuufikia Mwezi ulio utosini. Kwa hiyo kwa sababu ile imevunjika, na imevunjwa na mtu aliyesimama nje ya bweni bila darubini wala bando.

Sentensi inayosimama ni hii: nusu ya Mwezi huangazwa na Jua wakati wote, ila sisi huona sehemu tu ya nusu hiyo, kwa sababu Mwezi unapoizunguka Dunia pembe tunayoutazamia hubadilika. Hapo ukiulizwa, una la kujibu. Shika chungwa, simama pembeni ya taa, uzunguke nalo ukiwa umenyoosha mkono. Mwandamo, nusu na mpevu vyote vitapita mbele ya macho yako.

Sasa turudi kwenye swali la mwanzo, maana hapa ndipo kwa kuwa, kwani na ndiyo maana zinapotofautiana. Mwezi hupatwa pale tu unapokuwa mpevu na Dunia ikawa katikati ya Jua na Mwezi. Mwezi mpevu tunao kila baada ya siku 29 na nusu hivi. Mbona basi haupatwi kila mara? Unaweza kujibu kwa namna tatu:

Kwa kuwa njia ya Mwezi imeinama kwa takriban digrii 5 ukilinganisha na njia ya Dunia kulizunguka Jua, mara nyingi Mwezi mpevu hupita juu au chini ya kivuli cha Dunia.

Mwezi mpevu haupatwi kila mara, kwani njia yake imeinama.

Njia ya Mwezi imeinama. Ndiyo maana mwezi mpevu haupatwi kila mara.

Habari ni ileile, lakini kazi ya kila kiunganishi ni tofauti. Kwa kuwa hutanguliza sababu kama jambo ambalo msomaji amekwisha kulikubali. Kwani hungoja: unasema kwanza, unaeleza baadaye, na haipendi kuanza sentensi ya maelezo. Ukiiweka mwanzo inageuka kuwa swali au hata ugomvi: "Kwani wewe umefika huko Mwezini?" Ndiyo maana hutoka kwenye sababu kwenda kwenye matokeo, nayo humfaa mtu aliyeanza kwa kuona jambo asilolielewa, kisha akapata fumbuzi lake. Tofauti hizi huzipati kwenye orodha ya ubaoni. Unazipata pale unapokuwa na jambo moja la kweli mkononi na unahangaika kumweleza mwenzako.

Na jambo hilo tulishaletewa hapa hapa. Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 Mwezi ulipatwa wote, na Afrika Mashariki tulikuwa mahali pazuri pa kutazama. Kuanzia kama saa mbili na nusu usiku uligeuka rangi ya shaba, ukakaa hivyo kwa zaidi ya saa nzima. Watu wengi walipiga picha. Waliouliza kwa nini haukuwa mweusi kabisa walikuwa wachache. Jibu lake ni zoezi zuri la viunganishi: Mwezi ulikuwa ndani ya kivuli, lakini mwanga kidogo wa Jua ulipinda ukipita kwenye hewa inayoizunguka Dunia. Hewa hiyo hutawanya zaidi mwanga wa buluu, kwa hiyo unaobaki na kuufikia Mwezi ni ule mwekundu, uleule tunaouona jua linapozama. Ndiyo maana ulikuwa mwekundu. Soma sentensi hizo tena ukiondoa viunganishi, uone kama unabaki na maelezo au unabaki na rundo la habari.

Yaani yetu

Sasa yaani. Jamani, hiki kiunganishi tumekichosha. "Yaani mimi jana, yaani, yaani nilichoka, yaani." Mtaani si kosa, lugha ina pumzi zake. Lakini katika maandishi yaani ina kazi kali: inadai kwamba kilicho kushoto na kilicho kulia ni kitu kimoja kilichosemwa kwa maneno mengine. Ni kama alama ya sawasawa kwenye hesabu.

Chukua mfano huu. "Mwezi hujizungusha mara moja kwenye mhimili wake kwa muda uleule unaotumia kuizunguka Dunia, yaani siku 27 na robo tatu hivi." Yaani imekaa vizuri, lakini tarakimu haikukaa vizuri. Muda huo ni siku 27.3, yaani siku 27 na kama saa 8, na siku 27 na robo tatu ingekuwa 27.75. Umeona? Yaani ikitumika sawasawa humkamata mwandishi papo hapo, kwa sababu pande mbili lazima zilingane, na msomaji yeyote anaweza kuzipima.

Endelea: "Kwa hiyo tunauona upande mmoja tu wa Mwezi." Hapa yaani haiwezi kuchukua nafasi ya kwa hiyo. Kujizungusha mara moja kwa kila mzunguko ni jambo moja, na sisi kuona uso mmoja ni jambo la pili linalotokana na lile la kwanza. Wanafunzi wengi hubisha: kama unaonyesha uso mmoja tu, basi haujizungushi! Dawa yake ni rahisi. Mmoja akae kwenye kiti, mwingine amzunguke huku akimtazama usoni muda wote. Huyu anayezunguka ataangalia kuta zote nne za chumba. Amejizungusha mara moja, ingawa aliyekaa hajauona mgongo wake hata kidogo.

Na mgongo huo wa Mwezi watu wengi huuita "upande wa giza", eti kwa sababu hatuuoni. Kutouona sisi hakuufanyi kuwa gizani. Jua huuangaza kama linavyouangaza huu wetu, na Mwezi unapokuwa mwandamo, ni upande ule wa nyuma unaokuwa mchana. Picha zake za kwanza zilipigwa na chombo cha Kisovieti, Luna 3, Oktoba 1959. Kama ni giza, kingepiga picha ya nini?

Nani mwenye nia?

Kiunganishi kinachoniumiza kichwa kuliko vyote ni ili. Nimekutana na sentensi kama hii kwenye madaftari ya wanafunzi: "Mwezi huizunguka Dunia ili maji ya bahari yajae na kupwa." Sarufi yake ni safi, kitenzi cha baada ya ili kimekaa kama kinavyotakiwa. Lakini ili inahitaji mwenye nia. Mwezi haujui kama kuna bahari. Maji hujaa na kupwa kwa sababu mvuto wa Mwezi, na wa Jua kwa kiasi chake, hauvuti pande zote za Dunia kwa nguvu sawa. Muumini akisema Mungu ameuweka Mwezi ili watu wapate kuhesabu nyakati, ametumia ili ipasavyo, kwa sababu sentensi yake ina mwenye nia. Mgogoro unaanza pale tunapouficha mwenye nia na kuipa nia mvua, soko, au "mfumo".

Linganisha na hii: "Wanaanga wa Apollo waliacha vioo maalumu juu ya Mwezi ili wanasayansi walioko duniani wapime umbali kwa miale ya leza." Hapo ili iko nyumbani kwake. Watu walikusudia. Na kwa vipimo hivyo tunajua kwamba Mwezi, ulio wastani wa kilomita 384,400 kutoka kwetu, unasogea mbali kwa karibu sentimita 3.8 kila mwaka. Binadamu 12 waliutembea uso wake kati ya mwaka 1969 na 1972, na nyayo zao zingali kule, kwa kuwa hakuna upepo wala mvua ya kuzifuta. Sentensi moja ina ili, nyingine ina kwa kuwa, na huwezi kuzibadilishana bila kusema upuuzi. Mwanafunzi akiliona hilo kwenye Mwezi, ataliona pia kwenye hotuba ya mgombea.

Sababu za kuazima

Kuna jambo jingine linalonifanya nitake maandishi haya yawe ya Kiswahili na ya hapa kwetu. Vitabu na michoro mingi huchora mwezi mchanga ukiwa umesimama wima, kama herufi C au mgongo wake. Toka nje siku ya tatu ya mwandamo hapa Dar es Salaam au Mwanza. Mara nyingi mwezi wetu umelala chali kama mashua. Hakuna aliyekosea kuchora. Wachoraji wale wako mbali na ikweta, ambako Jua na Mwezi huzama kwa mshazari, ilhali kwetu huzama karibu moja kwa moja kuelekea chini. Kwa kuwa Jua limezama chini ya Mwezi, sehemu inayong'aa ni ya chini. Mtoto anayesoma kitabu kisha akatazama angani akaona kisichofanana, ana njia mbili: kuamini kitabu na kudharau macho yake, au kuuliza kwa nini. Mfumo wetu kwa kiasi kikubwa umemfundisha njia ya kwanza.

Wakati huohuo, wavuvi wa pwani wana lugha nzima ya jambo hili. Wanajua bamvua huja karibu na mwandamo na karibu na mwezi mpevu, maji yakijaa sana na kupwa sana. Wanajua maji mafu huja Mwezi ukiwa nusu. Wanajua saa ya maji kujaa husogea mbele kila siku, kama dakika 50 hivi, ndiyo maana safari ya leo haitoki saa ya jana. Ukiongeza kwamba siku za bamvua Jua, Dunia na Mwezi vimejipanga karibu katika mstari mmoja, hivyo mvuto wa Jua na wa Mwezi husaidiana, una maelezo kamili ya kisayansi, na hujatamka neno hata moja la kigeni.

Nilivyojaribu

Mimi nasoma ualimu, Kiswahili na Jiografia. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, ile tunayoiita fildi, nilipewa kidato cha pili na mada ya aina za maneno. Nikaandika ukurasa mmoja kuhusu Mwezi, sentensi kama ishirini, nikafuta viunganishi vyote. Sheria ilikuwa moja: ukijaza nafasi, lazima ueleze kwa nini si kiunganishi kingine.

Kwa dakika kumi za mwanzo darasa lilikuwa kimya, maana walizoea kwamba jibu liko mwishoni mwa kitabu. Kisha kijana mmoja wa nyuma akajaza ili kwenye sentensi ya maji kujaa. Binti aliyekaa mbele yake akageuka: "Kwani Mwezi unataka nini?" Darasa likacheka, na kijana akatetea, na binti akajibu, na kengele ya kipindi ililia hawajamaliza. Hakuna aliyewaambia kwamba walikuwa wanajadili tofauti ya kusudi na sababu. Walifika wenyewe. Siku iliyofuata wawili walikuja kuniambia kwamba wameuona Mwezi mchana, jambo ambalo walidhani haliwezekani, na wakataka sababu yake.

Sidai kwamba kipindi kimoja kinageuza taifa. Ninachodai ni kwamba sijawahi kuona watu wakigombania neno la "Juma hakuja shule".

Pingamizi

Najua yatakayosemwa. La kwanza: mitihani yetu ya chuo ni ya Kiingereza, kwa hiyo tushughulike na viunganishi vya Kiingereza. Jamani, tuwe wakweli. Mtu asiyeweza kutetea kwa sababu katika lugha anayoota nayo, hawezi kutetea mwenzake wa Kiingereza katika lugha aliyoanza kusomea kidato cha kwanza. Anachofanya ni kunakili umbo. Ndiyo maana madesa yetu yana maneno makubwa ya kuunganisha na hoja ndogo. Ukiipata sababu kwa Kiswahili, kuihamisha ni kazi ya kamusi. Ukiwa huna, hakuna cha kuhamisha.

La pili: Kiswahili hakina istilahi. Katika makala hii nimeeleza kupatwa, mwandamo, bamvua, mhimili na mvuto, na nadhani umenielewa. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na TUKI mwaka 1990, na istilahi nyingine zimeendelea kutungwa tangu hapo. Maneno yamekaa rafu za maktaba yanatusubiri. Tunachokosa ni sentensi za kuyaunganisha, na hizo huandikwa na watu kama sisi.

La tatu, na hili nimeambiwa na rafiki yangu wa uhandisi kwa kejeli: "Hayo ni ya darasa la tano." Nikamwuliza swali la mwanzo wa makala hii. Bado tunaendelea kulijadili.

La nne ndilo zito: siku hizi programu ya kwenye simu inaweza kukuandikia kurasa tano zenye viunganishi vilivyopangika kuliko vyako. Ni kweli. Lakini jukumu la kujua kama sababu ni sababu limebaki kwa anayesoma. Mashine ikikuandikia "kwa sababu kivuli cha Dunia kinaufunika", nani atakayeikamata? Atakayeikamata ni yule aliyewahi kusimama nje jioni, Mwezi nusu utosini, Jua magharibi, akasema hapana, haiwezekani.

Hili halihusu darasa la lugha peke yake. Kila wiki tunasoma matangazo yaliyobandikwa ubaoni: "Kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu..." Bumu likichelewa, kutokana na sababu. Maji yakikatika bwenini, kutokana na sababu. Viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi nao wamejifunza sentensi hiyo, na sisi tunaipokea kama tulivyompokea Juma. Mwanachuo aliyezoea kuuliza "sababu ipi, na tutaijuaje?" ni msumbufu kidogo kwa watawala, lakini ndiye chuo kilipaswa kumtoa.

Tufanye nini

Napendekeza mambo mawili, yote hayana bajeti. La kwanza, kamati ya taaluma ya umoja wetu ianzishe jioni moja ya kusoma kila mwezi, siku ya tatu ya mwandamo, hapo kwenye vimbweta. Ukurasa mmoja tu wa Kiswahili kuhusu Mwezi, umeandikwa na mwanachuo, usomwe kwa sauti. Yeyote akisikia kiunganishi cha kueleza anaruhusiwa kusimamisha usomaji na kudai utetezi. Mwandishi akishindwa kukitetea, kinafutwa kwa kalamu palepale. Wa fizikia wachunge ukweli, wa Kiswahili wachunge lugha, na wengine wote wachunge wale wawili.

La pili, walimu wa kozi ya stadi za mawasiliano ya mwaka wa kwanza wajaribu zoezi hilo kwa wiki mbili kabla ya kugawa orodha ya viunganishi. Orodha ije baadaye, wanafunzi wakiwa na kiu nayo.

Ukurasa wa kwanza niko tayari kuuandika mimi. Utahusu kwa nini Mwezi huonekana mkubwa unapochomoza kuliko unapokuwa utosini, ilhali ukiupima kwenye picha hauongezeki. Njooni na kalamu za kufutia.